Mshumaa wa Chai wa Mjomba Bonifasi

Dubai, 3 Septemba 2023
Mwaka wa tano tangu niteremke mlimani na begi la kuazima

Mjomba wangu Bonifasi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umekuachia kidogo. Mimi mzima, isipokuwa uchovu, na uchovu huku hatuuiti ugonjwa. Chumbani tuko wanane, Wanepali watano, Waganda wawili na mimi. Joto la mwezi huu unaona aibu kulilalamikia, kwa sababu kila mtu analo lake. Nisalimie Bi Pili. Msalimie na mumewe Hatibu, mwambie sijasahau kuku wangu aliyembeba siku ya kipaimara changu, akasema ni haki yake kwa kuwa ukoo wake na wetu ni watani.

Wenzangu wananicheka kuandika barua zama hizi. Nawaambia mjomba wangu hasikii, simu kwake ni kama kipande cha sabuni. Nakuandikia kama ulivyonifundisha mwenyewe, kabla shule haijanishinda kidato cha pili.

Sasa jambo lenyewe. Nimehamishwa. Sibebi tena maboksi bandarini, nimepelekwa kwenye karakana ya mishumaa. Usidhani ni mishumaa tunayowasha umeme ukikatika. Hii inawekwa kwenye nyumba za matajiri, taa zote zikiwa zinawaka, mchana kweupe. Haiwashwi ili watu waone. Inawashwa ili wanuse.

Mwenye karakana ni mama wa Kichina, tunamwita Bi Mei. Kwao bibi yake alikuwa na nyumba ya chai, na mshumaa huu ameutengeneza kwa kuikumbuka. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, anakunywa chai mbele yetu. Birika lake ni dogo kama ngumi ya mtoto. Analimwagia maji ya moto nje na ndani. Chai ya kwanza hainywewi, anaimwaga. Ya pili anaimimina, ananusa kifuniko, ndipo anakunywa. Akimaliza anakichukua kile kikombe kitupu na kukinusa, macho amefumba, kama wewe unavyofumba baada ya komunyo. Mjomba, nimeona maghorofa yanaingia mawinguni na sikushtuka sana. Lakini mtu kunusa kikombe kitupu namna ile, nilisimama na ndoo mkononi mpaka msimamizi akanigusa bega.

Nta inayeyushwa, manukato yanapimwa kwenye mizani, kisha tunamimina kwenye vikombe vya udongo mweupe visivyo na mkono. Ikiwa ya moto sana harufu inakimbia, ikipoa sana uso unapasuka. Halafu mishumaa inawekwa kabatini gizani wiki mbili ipumzike, ndiyo harufu ikae vizuri. Mshumaa unapewa likizo, mimi sipewi.

Mishumaa yenye kasoro kidogo ya rangi tunaruhusiwa kuchukua. Nimekutumia mmoja kwa mkono wa Frank wa Mwembesongo, anayerudi mwezi huu. Bei yake dukani siandiki, utaniita mwongo. Bi Mei anasema unanukia chai iliyokaushwa kwa moshi. Siku ya kwanza kuuwasha usiuzime haraka. Uache mpaka nta iyeyuke hadi ukingoni, la sivyo utachimba shimo katikati na kuharibika. Ukiuwasha niandikie unanukia nini. Usisahau hilo.

Wako,
Lukasi

*

Lubwe, 22 Oktoba 2023

Mpwa wangu Lukasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Mgongo upo, nami nipo, tunaendelea kuishi pamoja. Kaburi la mama yako nimelifyeka kabla ya mvua. Mdalasini tumebandua vizuri, na upande ule wa bondeni tangawizi imekubali. Bi Pili anakusalimu, ila miguu yake imevimba na haji tena kuchota maji mwenyewe. Hatibu anasema kuku yule alikuwa mwembamba, umlipe mwingine.

Mzigo umefika. Frank aliuacha dukani kwa Glory pale Mafiga, Morogoro, Glory akaupandisha kwenye lori la ndizi. Kikombe hakina ufa. Nimekiweka mahali pazuri.

Hatibu alikuja siku ileile. Unajua akinitania hupiga kelele ingawa mimi namsoma midomo tu, kwa hiyo kitongoji kizima kinayajua matusi yangu. Alisema, "We Bonifasi, mpwa wako amekuletea kikombe, kwa nini wamekijaza mafuta ya kondoo?" Nikamwambia ni mshumaa wa chai kutoka kwa Wachina. Akasema, "Basi chemsha tunywe." Nikamwambia aondoke, mtu asiye na meno hawezi kufaidi kitu cha kitajiri. Kila akipita sasa anauliza kama mshumaa umeshazaa huko sandukuni.

Umeniuliza unanukia nini. Mvua za vuli zimeanza mapema mwaka huu.

Nami nina swali. Umeandika kwamba Bi Mei anasema unanukia hivi. Wewe unasemaje? Mikono yako ndiyo iliyoumimina.

La mwisho. Uliondoka ukasema miaka miwili. Kwetu Waluguru mtoto wa dada ndiye anayemshika mjomba mkono saa ikifika. Mama yako alikuzaa wewe peke yako. Nikigeuza kichwa kulia na kushoto, namwona Hatibu tu, naye ni Mwislamu na ni mtani. Utakuja lini?

Mjomba wako,
Bonifasi

*

Dubai, 10 Desemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika ina doa la utomvu wa ndizi, nimefurahi. Pole kwa Bi Pili. Asiweke miguu kwenye maji baridi. Huku sasa kumepoa, tunalala na shuka.

Nimesaini tena. Miaka miwili kuanzia Januari. Najua utaisoma sentensi hiyo mara mbili, kwa hiyo nimeiweka mwanzoni nisikufiche. Sababu zipo, sitaziandika leo.

Wiki hii Bi Mei alitufundisha jinsi chai ya ule mshumaa inavyokaushwa huko milimani kwao. Alileta picha. Mjomba, ni mlima kama wetu. Matuta yamekatwa ubavuni, ukungu umekaa katikati, wanawake wamebeba vikapu mgongoni. Nyumba ya kukaushia ni ya mbao, ina ghorofa. Chini wanachoma kuni za msonobari, juu wametandaza majani, moshi unapanda taratibu na kulala humo. Watu hao wamekaa karne ngapi wakiungoja moshi uingie kwenye jani? Halafu mtu mwingine akakaa akafikiri namna ya kuutoa moshi ule kwenye jani na kuutia kwenye nta, ili mtu wa Dubai auwashe sebuleni, yeye asiyewahi kukata kuni. Nikiwaza hivyo namimina polepole, kama nimebeba maji ya ubatizo.

Hujaniambia kama umeuwasha. Uwashe, Mjomba. Usiuonee huruma.

Mimi nanusa mishumaa mia kwa siku, pua imechoka, ndiyo maana nimemtaja Bi Mei.

Lukasi

*

Lubwe, 11 Februari 2024

Mpwa wangu Lukasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeisoma sentensi ile mara mbili.

Kwa kuwa umeniambia lako bila kuzunguka, nami nitakuambia langu. Mshumaa sijauwasha wala sitauwasha. Nimeuweka sandukuni pamoja na shuka jeupe na rozari ya bibi yako. Nilikuwa katekista miaka mingi, nikawashikisha watu mishumaa saa yao ya mwisho, mingi ikiwa vipande tu vilivyobaki altareni, inamwagika nta kwenye vidole vya mtu anayekata roho. Nilipofungua mzigo wako nikajua huu ni wa saa yangu.

Tarehe mbili mwezi huu, siku ya kubariki mishumaa, niliupeleka misheni. Wenzangu wote wameshika mishumaa myembamba myeupe, mimi nimeshika bakuli. Padre Raphael alipofika kwangu alisimama. Nilimsoma midomo, "Mzee, hii ni chai?" Nikasema ni mshumaa, Padre. Akainama kuutazama, akabaki ameinama. Waliokuwa nyuma wakaanza kuchungulia. Halafu akaunyunyizia maji, na nadhani aliunyunyizia zaidi ya wengine.

Umebarikiwa. Kilichobaki ni mtu wa kuushika. Daktari wa Morogoro ameusikiliza moyo wangu, akaandika kwenye karatasi kwa kuwa simsikii: usipande mlima. Nikamwandikia chini yake: ninaishi juu.

Bonifasi

*

Dubai, 17 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sijalala vizuri tangu barua yako. Hukuniambia habari ya moyo. Uliniandikia tangawizi.

Mshumaa huo haukutengenezwa kwa kufia. Nilimweleza Bi Mei kwa Kiingereza changu cha kuokota kwamba mjomba wangu ameutunza kwa siku ya kufa. Nilidhani atacheka. Aliweka kikombe chini, akasema bibi yake naye aliweka pakiti moja ya chai kwa siku hiyo, na hakuna aliyethubutu kuifungua hata leo. Akasema wateja wake wananunua mishumaa kama wanunuavyo soksi, hakujua uko mmoja duniani unaongojewa namna hiyo.

Lakini Mjomba, nakuomba. Uwashe ukiwa mzima. Nitakutumia mwingine. Nahitaji mtu ninayemwamini aniambie unanukia nini. Usiniulize kwa nini.

Lukasi

*

Lubwe, 19 Mei 2024

Mpwa wangu Lukasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii imechelewa kwa sababu daraja la chini lilichukuliwa na mvua, na lori halikupanda tangu baada ya Idi. Mimi nipo. Migomba minane imelala. Bi Pili amefariki.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana mshumaa wako umo.

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha giza. Nilimwona Hatibu amesimama mlangoni kwangu, maji yanamtiririka, midomo haichezi. Miaka yote hajawahi kufika mlango ule bila tusi. Nikajua kabla hajasema.

Nikaenda naye. Kazi ya mtani msibani unaijua, kuwachekesha wanaolia mpaka wapate nguvu ya kuchimba. Nikajaribu. Nikamwambia mbele ya watu, "Hatibu, mkeo amekukimbia, hata mimi nisingekaa na wewe muda wote huo." Wengine walitabasamu. Yeye hakunijibu. Nikasema, "Pili, angalau umepata mahali pasipo na mikorogo yake ya dawa ya miguu." Utani ukanikauka mdomoni.

Hafidha, binti yao, akatoka ndani kwa wanawake waliokuwa wanataka kumwosha marehemu. Alikuwa anaongea na baba yake akipunga mikono. Nikamwomba aseme tena akinitazama. Akasema hakuna ubani wala udi. Duka halina kitu tangu barabara ikatike, kitongoji kizima wametafuta. Wamejaribu kuchoma maganda ya mdalasini, yamelowa, yanatoa moshi wa kuwasha macho tu. Na chumba ni giza. Alisema, "Baba Bonifasi, mama alikuwa mtu msafi. Tumwoshe kwenye harufu ya kuni mbichi?"

Nikarudi nyumbani. Nilikaa mbele ya sanduku kidogo, sitakuficha. Halafu nikautoa, nikauweka chini ya koti, nikateremka nao kwenye matope nikishika migomba.

Hatibu aliutambua. Alisema, polepole ili nimsome, "Huu si ule wa Padre?" Nikasema ndiyo. Aliutazama. Shehe Yusuph alikuwa pembeni, akatazama chini, akamwachia mwenyewe. Hatibu akaupokea kwa mikono miwili, akasema, "Ni chai tu, Bonifasi. Pili alipenda chai." Akaupeleka ndani.

Sisi wanaume tulikaa kibarazani. Mimi sisikii, Lukasi, lakini kuna kitu niliona. Wanawake walikuwa wanapita mlangoni, wanaagizana maji, wanalia, midomo yote inakwenda. Kisha ikasimama. Mmoja akasimama na ndoo kama wewe ulivyoniandikia. Kibarazani nako watu wakaacha kuongea, wakageuza vichwa wote upande mmoja, kama ng'ombe wakisikia simba. Ndipo ikanifikia.

Uliniuliza unanukia nini. Kwanza ni moshi, lakini si moshi wa jikoni, ni moshi wa mti nisioujua, umetulia, hauna haraka. Chini yake kuna jani lililokaangwa, karibu kuungua lakini halikuungua. Halafu, ukidhani imekwisha, inakuja nyingine baridi, kama jiwe la mtoni lililochomwa na jua, likapigwa na mvua ya kwanza. Ndani ya hiyo kuna utamu kidogo sana, wa mbali, na ukiufuata unapotea. Mvua ilikuwa inanyesha na harufu haikuzimika. Watu wa ng'ambo ya korongo walikuja siku ya pili kuuliza tulichoma nini.

Kuosha kulichukua muda mrefu, na Hafidha anasema nta iliyeyuka yote hadi ukingoni kama ulivyoagiza, ikawa kama maji ya kisima, na uso wa mama yake ulionekana humo. Hawakuuzima mpaka kuosha kulipokwisha. Kisha siku zote za matanga waliuwasha tena kila jioni, mpaka utambi ukalala wenyewe. Kikombe kiko kwa Hatibu. Kwa utani wetu sina haki ya kukidai.

Sasa sina mshumaa. Usinitumie mwingine. Kama nilivyokwisha kukuandikia, sikuwa nangoja mshumaa tu.

Bonifasi

*

Dubai, 16 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Poleni sana. Nimemwandikia Hatibu karatasi ndogo, imo humu ndani, umsomee.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya boksi nyuma ya karakana, nikairudia pale palipoanza "kwanza ni moshi" mpaka mstari ule nikaujua kwa kichwa. Karibu mwaka mzima namimina kitu hicho na sikujua kina jiwe la mtoni.

Mjomba, mimi sinusi. Homa iliyotupitia chumbani mwaka juzi ilinichukulia pua na haikuirudisha. Si manukato, si jasho, si chakula kilichochacha. Nakula kwa kumbukumbu. Bi Mei hajui. Kwenye mizani hakuna anayehitaji pua, kwa hiyo nimejificha hapo.

Ndiyo sababu nilisaini tena. Nilijiambia nitarudi pua ikirudi. Mlima wetu naujua kwa pua, wewe unajua hivyo. Nikiwa mtoto nilijua nimefika nyumbani gizani kwa mdalasini ulioanikwa na udongo wa kisimani. Nikipanda sasa nisipate chochote, nitakuwa nimefika wapi? Naogopa kusimama mlangoni kwako kama nimesimama mbele ya picha.

Hilo tu. Sina lingine la kuficha.

Lukasi

*

Lubwe, 21 Julai 2024

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimemsomea Hatibu karatasi yako. Aliipeleka kaburini, akarudi ameanza kunitukana, kwa hiyo usihofu juu yake.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja masikio yangu yalipokwisha. Nilikuwa bado katekista. Mara ya mwisho niliyoisikia kengele ya misheni ni siku tuliyomzika mama yako, na hata siku ile sina hakika kama niliisikia au nilimwona mtu akivuta kamba. Kila Jumapili tangu hapo nakwenda. Natazama kamba, natazama watu wanavyonyanyuka, nami nanyanyuka. Wanaimba, naangalia koo zao. Mwanzoni nilidhani natazama picha, kama unavyosema. Sikumbuki ni lini iliacha kuwa picha.

Hukujua haya kwa sababu sikukuambia. Ulikuwa unanishika mkono kwenda kanisani, ukidhani ni mimi ninayekuongoza.

Moyo unakwenda na kusimama, kisha unaendelea. Njoo hivyohivyo.

Bonifasi

*

Dubai, 1 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma.

Nimemwambia Bi Mei yote, habari ya pua na habari yako. Hakukasirika. Aliniita mezani kwake asubuhi, mbele ya wenzangu, akanimiminia chai, ile ya pili. Nilikunywa, ilikuwa maji ya moto tu. Kisha nikachukua kikombe kitupu, nikakiinua puani, nikafumba macho kama yeye. Sikupata kitu. Nikakaa hivyo hata hivyo, na hakuna aliyecheka. Mkataba ameuvunja bila lawama, akasema mjomba hangojeshwi kama nta.

Nitaondoka hapa mwisho wa mwezi huu. Jumamosi tarehe 5 Oktoba nitakuwa Morogoro, nitalala kwa Glory. Kama daraja bado halijarudishwa, nitaliacha lori bondeni nipande kwa miguu, begi ni jepesi. Usiteremke kunipokea, daktari ameshaandika. Kaa nje kibarazani mahali ninapoweza kukuona. Nitafika Jumapili tarehe 6, jua likiwa bado juu.

Lukasi